Siku Mukono Wangu Ulipohesabiwa

Jumapili, baada ya adhuhuri. Mvua ilianza alfajiri, sasa imesimama, lakini bati bado linadondosha maji kwenye sufuria ya muke wangu, na muto umefunikwa na ukungu hata ng'ambo haionekani. Moyo wangu hauko sawa.

Kaye yangu, daftari langu, kwanza nikukumbushe uko mikononi mwa nani. Treni haitoki Kindu kama mimi sijaitika. Dereva anaweza kuwa tayari, shefu wa stesheni anaweza kupiga filimbi mpaka mashavu yamuume, wakubwa wa jeshi wanaweza kuwa wameketi ndani na mabibi zao na mabuku yao ya kusafiria. Kama bendera yangu ya kijani haijasimama, hakuna gurudumu linalozunguka. Muchele wote unaotoka hapa, chumvi yote inayokuja kutoka kusini, vyote vinapita chini ya mukono wangu. Siku moja waziri mwenyewe alitoa kichwa kwa dirisha akauliza, "Tunangoja nini?" Wakamujibu, "Tunangoja yule muzee wa bendera." Akarudisha kichwa chake pole pole. Hiyo niliiona na macho yangu, na kama sikuiona, nilisimuliwa na muntu aliyeiona.

Basi. Nimekwisha kujisifu. Sasa niandike jambo lenyewe.

Huu mukono wa bendera hauinuki.

Hauinuki tangu miaka mingi. Wa kuume unafika kifuani, unatetemeka, unarudi. Wa kushoto unafika chini kidogo ya pale. Mabega yangu ni kama bawaba zilizoingia kutu. Nilipoona hivyo, nilikata mwanzi murefu, nikafunga bendera kwenye ncha yake. Kitako cha mwanzi nakitia kwenye nyonga, mikono inashika chini tu, nasukuma na kiuno, na bendera inapanda juu kuliko bendera zote za reli ya Zaire. Nikawaambia watu hii njo akili yangu, dereva aone tangu mbali. Shefu wa zamani alinisifu mbele ya wafanyakazi wote. Shefu mupya, aliyefika juzi juzi, ameuangalia ule mwanzi mara mbili. Kuangalia kwake kunanikosesha usingizi.

Iko na mambo mengine. Kunyoa ndevu, naweka kiwiko juu ya dirisha, kisha ninaleta uso kwa wembe, si wembe kwa uso. Abakosti yangu, lile koti la Chama lisilo na tai, muke wangu anaishika nyuma yangu, mimi naingia ndani kinyumenyume. Kula, kiwiko kwenye meza. Chai, natumia kikombe kidogo, maana midomo yangu haifungi vizuri na chai inapita pembeni. Kupiga mluzi sijaweza hata utotoni. Kulala, natandaza kitambaa machoni, sababu kope hazikutani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu muke wangu alidhani namulinda usiku kucha. Akafurahi sana. Sikumukosoa.

Musikitini, wakati wa kuanza sala, wenzangu wanainua mikono mpaka masikioni, mimi naishia kifuani. Muntu mumoja aliniuliza. Nikamuambia nilifundishwa hivyo na shehe mukubwa wa Tabora. Sijafika Tabora.

Na kwa wote wanaouliza juu ya mabega yangu, niko na hadithi ya behewa. Kwamba zamani, behewa la mafuta ya mawese liliachia kamba na kuteremka kuelekea wamama wanaouza ndizi kando ya reli, na mimi nikalizuia na bega. Mwanzo lilikuwa behewa moja. Mwaka jana yalikuwa matatu. Wamama walikuwa wanne, sasa wamefika kumi na mumoja, na mumoja amepata mimba.

Ukweli uko ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Chini, sababu juu ya kabati sifiki.

Ni karatasi. Miaka sita iliyopita munganga mumoja alipita hapa hospitalini, akakaa miezi michache tu. Nilienda kwake nikimuambia habari ya behewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vua shati. Sukuma ukuta." Nikasukuma. Mifupa ya mabega ikatoka nyuma kama mabawa ya kuku aliyenyonyolewa. Akaniambia nijaribu mluzi. Akaniambia nifunge macho kwa nguvu, akanifungua kope na kidole chake bila shida. Kisha akauliza, "Nani mwingine katika jamaa?"

Nikasema hakuna.

Akaandika. Akanieleza pole pole, kama mwalimu. Ni ugonjwa wa misuli, unashuka na damu, kutoka kwa muzazi kwenda kwa mutoto. Mutoto mumoja anaupata, mwingine anakosa, na anayeupata anaweza kuupata kidogo tu au sana. Hauambukizi. Si uchawi. Dawa hakuna. Unaenda pole pole, miaka na miaka. Nisibebe vitu vizito, nisikae bure pia, nitembee kila siku, nilale ya kutosha. Akapiga kashe mbili, mihuri ya hospitali, nikakunja karatasi, nikatoka. Njiani nilikutana na watu, nikawaambia munganga ameshangaa sana jinsi bega moja linavyoweza kuzuia mabehewa mawili.

Nilisema hakuna mwingine, na niliongopa. Mama yetu, Mungu amurehemu, hakuweza kutusuka nywele. Beseni la maji alipiga magoti kulitua, akainamisha shingo mpaka likateleza lenyewe. Tulidhani njo heshima yake. Na dada yangu Mariamu, mikono yake inafanya kazi, lakini analala macho nusu wazi.

Na Mariamu amezaa Zaina.

Zaina ana miaka kumi na tano, mutoto wa pili wa Mariamu na shemeji yangu Ramazani, mushonaji wa nguo kule Mikelenge. Tangu mwaka jana nilikuwa nauona. Anachukua sahani kwenye rafu kwa kutambaza vidole ukutani, kidole baada ya kidole, kama buibui. Anainua ndoo kwa goti kwanza. Nilikuwa nikienda kwao kunywa kahawa, naangalia mabega yake chini ya blauzi, kahawa inakosa utamu. Nilijiambia labda amelalia vibaya. Unaweza kulalia vibaya mwaka muzima.

Kisha mambo mawili yakaja pamoja.

La kwanza ni masomoni. Kila asubuhi watoto wanapanga mistari, wanaimba, wanacheza nyimbo za Chama na mikono juu. Zaina mikono yake ilikuwa inabaki kiunoni. Mwalimu wa animasio, yule wa nyimbo hizo, akamutoa mbele, akasema huyu anagoma, akamurudisha nyumbani na barua kwa baba yake. Barua ya kugomea Chama, unajua inaweza kumufikisha muzazi gerezani. Ramazani hakushona shati hata moja siku tatu.

La pili ni shangazi Tabu. Ni dada mukubwa wa Ramazani, mujane, anaishi nao kwenye chumba cha nyuma. Mudomo wake ni muchungu, hiyo nami nasema. Siku moja Zaina aliangusha nyungu yake ya maji ikapasuka, na Tabu akasema mbele ya majirani, "Mikono ya bure hii, afadhali ikauke." Baada ya mwezi barua ya masomo ikafika. Watu wakaunganisha nyungu na barua, na hesabu ikatoka vizuri. Tabu amemuroga mutoto.

Hata shefu wa seli, yule anayesimamia mambo ya Chama katika avenue yao, aliona ni njia nzuri kwa wote. Kama mutoto amerogwa, basi hagomi. Tabu arudishwe Tunda, kijiji walikotoka wazee wao, shefu aandike karatasi kwamba mwenye kosa ameondolewa, mutoto arudi masomoni. Kule Tunda, Tabu hana muntu tena. Nyumba ya baba yake imebaki nguzo mbili. Na mwanamuke anayefika kijijini na jina la mulozi, hapokelewi na chakula.

Wakanialika. Kwetu, mutoto akiwa na shida, mujomba asipoketi, mukutano haujakaa. Neno la mujomba njo linafunga.

Wiki nzima nilitembea na lile kopo kichwani mwangu. Nikisema ukweli, behewa langu linakufa. Hiyo peke yake ningeivumilia, labda. Lakini shefu wa seli anakunywa chai na shefu mupya wa stesheni kila Jumatatu. Muntu wa bendera asiye na mikono, watamuweka wapi? Na Ramazani atasema tumemupa muke mwenye damu mbovu. Na Zaina, nani atakuja kumuposa? Nikinyamaza, Tabu anaenda Tunda, na jambo linaisha. Linaisha kwangu.

Jana, Jumamosi, asubuhi tulifanya salongo, ile kazi ya lazima ya wote, kila muntu na panga lake, kukata majani kando ya barabara. Mimi nilisimamia. Mahali panapotaka mikono, mimi nasimamia, watu wamezoea. Kisha alasiri nikavaa abakosti yangu ya rangi ya majivu, muke wangu akaishika, nikaingia, tukaenda wote wawili.

Tulikuwa kama watu kumi na wawili kwenye uwanja wa Ramazani, wengine kwenye viti, wengine kwenye mikeka. Tabu aliketi peke yake karibu na jiko. Alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake ndani ya kitenge, fundo limekaa mbele ya miguu yake kama mutoto anayengoja. Zaina alikuwa mulangoni na sinia ya vikombe, ameishikilia usawa wa tumbo.

Ramazani alisema yake. Jirani akasimulia nyungu. Muzee mumoja wa upande wao akasema wachawi wa siku hizi hawangoji usiku. Tabu aliulizwa kama ana neno. Akasema, "Nyungu ilikuwa yangu. Hasira ilikuwa yangu. Mikono ya mutoto si yangu."

Walinitazama. Nilikohoa. Nikasema maneno marefu juu ya umoja wa jamaa, nikataja waziri, sijui alitokea wapi waziri. Kopo sikulitaja.

Shefu wa seli akasimama. Ni muntu muzuri, anapenda mambo yaishe kabla ya magharibi. Akasema, "Wandugu, sisi ni Chama kimoja, hakuna sauti ya pembeni. Anayekubali mama Tabu arudi Tunda, anyoshe mukono juu."

Mikono ikapanda. Ilipanda haraka, vile inavyopanda kwenye mikutano yote, kabla muntu hajajua ameulizwa nini. Hata Tabu mwenyewe alianza kuinua wake, kwa mazoea, akaukumbuka njiani, akaurudisha. Mariamu aliinua nusu, macho chini. Muke wangu alikuwa anafunga mutandio wake, anaufunga sana.

Wangu haukuwa juu. Wakati shefu anahesabu, mimi nilikuwa na leso, napanguza kidevu.

"Saba, nane, tisa." Akafika kwangu, akaniita raia vile Chama kinavyotaka. "Sitoyen mujomba. Wewe?"

Nikazidi kupanguza kidevu.

"Unakataa?"

Katika miaka hii, kaye yangu, kwenye mukutano, muntu akiulizwa hivyo, majirani wake wanasogea kidogo. Jirani yangu alisogeza kiti. Nikasikia mguu wa kiti ukikwaruza udongo.

Ramazani akasema, "Shemeji, unatupinga mbele ya shefu?"

Tabu akacheka pale kwenye jiko, sauti ndogo. "Muache. Kumbe iko muntu mumoja."

Nilitafuta neno, na mudomo wangu, huu unaojulikana kutoka stesheni mpaka feri, haukuwa na kitu. Njo pale Zaina alisema, taratibu, bila kuangalia muntu, "Baba, Mujomba hakatai. Hawezi. Nimemuona stesheni. Bendera anaiinua na kiuno."

Watu wakageuka. Aliegemeza sinia kwenye goti, vikombe vikagongana.

"Mimi pia nafanya hivyo na ndoo," akasema.

Nikaruka kwenye behewa langu kama muntu anayekimbiwa na treni. Nikasema, "Ni lile behewa la mawese, wote munajua. Liliponipiga bega..."

"Lilikupiga bega gani?" Tabu akauliza.

"La kuume."

"Na la kushoto?"

"La kushoto... lilikuwa behewa la pili."

"Na huyu mutoto," akasema, "behewa lilimugonga akiwa tumboni? Au mimi nimeroga wewe pia? Wewe mabega yako yalikufa sijakujua hata jina. Kama nina nguvu hizo zote, kwa nini ninalala chumba kinachovuja?"

Wakacheka. Hata muzee wa wachawi alicheka. Mimi nilikuwa siwezi kuondoka na siwezi kubaki. Nikamuambia muke wangu, "Nivue." Akaja akashika abakosti, nikatoka ndani yake, kisha shati. Nikaenda ukutani mbele ya watu wote, muzee muzima wa reli, nikaweka viganja kwenye matofali, nikasukuma. Nilisikia mabawa yale yanatoka. Nilisikia pia watu wakivuta pumzi.

Nikamuita Zaina. Wamama wakamuzunguka na kitenge ili asitazamwe, akasukuma ukuta kando yangu. Mariamu akaingiza mukono chini ya kitenge, akagusa mugongo wa binti yake. Kisha akaja kuugusa wangu. Kiganja chake kilikuwa baridi.

Akaketi chini palepale alipokuwa amesimama. "Mama," akasema. Hakuwa anamuita muntu. Alikuwa anakumbuka beseni.

Basi nikasema yote. Munganga, ukuta, damu, pole pole, hakuna dawa, hakuna uchawi. Sijawahi kusema maneno machache hivyo mbele ya watu wengi hivyo. Nilipofika kwenye karatasi, nikageuka kumuomba muke wangu aende kuileta, na yeye alikuwa amekwisha kutoka. Alirudi na kopo lenyewe la maziwa. Miaka sita alikuwa anafagia chini ya kitanda na hakuniambia kitu.

Shefu wa seli alisoma ile Kifaransa na midomo, muda murefu. Akageuza nyuma, hakukuwa na kitu, akarudi mbele. "Iko na kashe mbili," akasema, na watu wakaitikia kwa kichwa. "Hii si kazi ya seli, hii ni kazi ya hospitali. Mwalimu ataonyeshwa." Akanyoosha abakosti yake. "Anayekubali mama Tabu abaki, anyoshe mukono juu."

Mikono ileile ikapanda, kwa haraka ileile. Shefu akahesabu, akafika kwetu sisi wawili ukutani, akasita na kalamu.

"Hao wawili," akasema, "nawaandika tu."

Ningependa kukuambia tulirudi nyumbani na furaha.

Mariamu alinifuata mpaka kwenye mulango wa ua. Aliongea chini sana. "Kaka, miaka sita ulikuwa na karatasi. Mimi mutoto nilikuwa nampiga, nikisema ni uvivu." Nilifungua mudomo. Akasema, "Usiniambie behewa." Akarudi ndani.

Na Ramazani, akikusanya viti, aliuliza hewani tu, "Na wengine wanne?" Wadogo wa Zaina walikuwa wanacheza mpira wa matambara pale pembeni, mikono inapanda, mikono inashuka. Sote tulitazama. Nani anaweza kutazama watoto wakicheza namna ile? Nimewatazama hivyo usingizini pia. Nahesabu mabega.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, Zaina alikuja na muamvuli uliovunjika. Akasema, "Mujomba, nifundishe." Sikuelewa kwanza. Alitaka kujua vyote. Nikamuonyesha kiwiko juu ya dirisha, namna ya kuleta kichwa kwa kitana. Nikamuonyesha kuamka kutoka kwenye mukeka, ubavu kwanza, kisha goti, kisha kiganja juu ya paja. Nikamupa kitambaa cha macho, safi, muke wangu alikuwa amekifua. Akaniambia na yeye anajua kitu: shati langu la kazi, nilitandaze kwenye meza, niingize mikono yote miwili kwanza, niiname, liteleze lenyewe kichwani. Tulijaribu. Nimevaa shati peke yangu, mara ya kwanza sijui tangu lini. Muke wangu alisimama mulangoni, kisha akaenda jikoni.

Kisha Zaina akauliza, "Nitafika wapi na hii?"

Nilikuwa na majibu mazuri. Nilikuwa na binti mumoja wa kule machimboni Kama aliyekuwa na ugonjwa huohuo na sasa anabeba magunia ya mawe ya dhahabu. Alikuwa amekwisha kusimama ulimini mwangu, na gunia lake. Nikamumeza.

Nikasema, "Sijui. Mimi niko na miaka arobaini na nane. Bado natembea kwa miguu mpaka stesheni."

Akaangalia miguu yangu kama anapima. Akasema sawa.

Kesho ni Jumatatu, na Jumatatu wale mashefu wawili wanakunywa chai. Nimeamua nitatangulia. Nitafika kabla ya chai, na mwanzi wangu na karatasi yangu, niseme mimi mwenyewe kabla haijasemwa na mwingine. Akichukua bendera, nitaomba kuandika namba za mabehewa. Mukono wa kuandika uko chini, na chini naweza. Namba zangu ni nzuri kuliko za karani, na hiyo si maneno ya kujisifu, uliza muntu yeyote. Akinifukuza kabisa, sijui. Sitaki kuandika hapo.

Na Mariamu? Nitaenda kwake jioni. Nitaketi tu. Nikiona mudomo unataka kufunguka, nitakunywa chai.

Bado kitu kidogo. Baada ya sala ya alfajiri, watu musikitini walinisalimu kwa mikono miwili. Muzee wa wachawi alisema, "Peke yako ulibaki chini, wote wakiwa juu. Hiyo ni moyo." Na saa sita shangazi Tabu mwenyewe alikuja na matope mpaka magotini, na bakuli limefunikwa: wali na sombe, majani ya muhogo na mawese, samaki wawili ndani. Akaliweka karibu, usawa wa mukono wangu, hakuliweka juu. Akasema, "Tisa waliinua. Wewe ungeweza kukubali kwa mudomo, ukakataa kabla hata hujavua shati. Hiyo njo sitasahau." Nikainamisha kichwa, kama muntu munyenyekevu.

Kaye yangu, wewe huna mudomo, nakuambia.

Shefu aliposema nyosheni mikono, mimi nilinyosha. Niliunyosha kwa nguvu zangu zote, wa kwanza kabla ya Ramazani. Ulifika kwenye mufuko wa abakosti, ukakwama. Njo nikatoa leso.

Sombe niliimaliza yote, na bakuli nililisafisha na kidole.